Mwahija Mataa na Taa Isiyo na Swichi

Kilwa Kivinje mtu hupewa jina la pili kutokana na kazi yake, kasoro yake, au kisa kimoja ambacho yeye mwenyewe angependa kisahaulike. Mwahija binti Ahmadi alibahatika: lake lilitokana na kazi. Aliitwa Mwahija Mataa, na mgeni aliyeulizia nyumba yake, nyuma ya yale majengo ya Wajerumani yanayoporomoka kwa utaratibu unaostahili asili yake, alisindikizwa hadi mlangoni.

Mataa aliyarithi. Baba yake, Mzee Ahmadi, alikodisha karabai, zile taa za mafuta zinazopigwa pampu na kuvuma usiku kucha kama mzinga wa nyuki. Hakuna aliyeolewa Kivinje kwa heshima bila karabai za Mzee Ahmadi, na maulidi yaliyosomwa kwa vibatari yalikubaliwa kuwa yamesomwa, ila kwa shingo upande. Karabai zilipopitwa na wakati ikaja jenereta, na pamoja na jenereta akaja Mwahija, kwa sababu kaka zake walikuwa wamekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na lazima mtu abaki nyumbani kuyatunza yaliyokwisha kupatikana. Yeye akaongeza taa za rangi, zile za kumeta, akaongeza spika, maturubai, viti vya plastiki na masufuria ya shughuli. Nyaya alizifunga mwenyewe juu ya ngazi, buibui limekunjwa kiunoni, wanaume wamesimama chini wakimshauri.

Sifa yake ilikuwa moja, na ilitosha: shughuli ya Mwahija haikuwahi kuingia giza. Hilo si dogo. Kulikuwa na mwenye taa mwingine ambaye jenereta yake ilizima wakati keki inaingia, shangazi wa bwana harusi akaikalia keki, na mpaka leo mtu huyo akiwa na safari ya sokoni hupita njia ya nyuma. Mwahija alikuwa na jenereta ya akiba, na fyuzi za akiba amezifunga kwenye pindo la kanga. Umeme wa gridi ulipofika mpaka vichochoroni watu walikuja kumpa pole, kana kwamba amefiwa. Aliwapa chai. Umeme wenyewe ulikuwa na tabia ya kukatika jioni za Jumamosi, ambazo ndizo jioni za harusi, kwa hiyo maisha yakaendelea.

Kilichokuja kumbadilisha hakikuwa umeme. Ilikuwa kazi ya viti na maturubai.

Hifadhi ya taifa inaanza mbali na bahari, magharibi, ambako barabara ya lami imekwisha kusahauliwa na ya vumbi imeanza kujisahau yenyewe. Langoni kuna kijiji ambacho ramani ina jina lake na wenyeji wana jina lao: Getini. Hapo ndipo kilipojengwa Kituo cha Anga: vyumba vichache, tangi la maji, na kibanda chenye paa la kusukuma pembeni ili darubini ichungulie. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: kila kiangazi mtaalamu mmoja wa nyota anakaribishwa kuishi hapo, atazame anga kwa raha zake, na shukrani yake kwa wenyeji ni kuwafundisha wanafunzi na wanakijiji habari za mbingu na thamani ya giza. Wenye mpango walikuwa wamesoma kwamba dunia inaishiwa na giza. Miji mikubwa imelimaliza lake lote, na kuna watu wazima huko ambao nyota wameziona kwenye bendera tu. Walipopima huku na huku wakakuta Lindi, mkoa uliozoea kutajwa kwa vitu unavyovikosa, unaongoza. Giza lake lilikuwa la daraja la kwanza. Hakuna aliyejua apongezwe nani.

Mtaalamu aliyekuja, na kurudi kila kiangazi kilichofuata, alikuwa mtoto wa nyumbani kabisa, Rosemary, aliyezaliwa Rondo, akasomea fizikia Dar es Salaam na kisha nchi za baridi ambako, kwa maelezo yake, alifundishwa nyota chini ya mawingu. Siku ya kumkaribisha, kituo kilikodi viti na maturubai ya Mwahija. Hakuna aliyemwambia alete taa. Alileta. Kwake yeye kukodisha viti bila taa kulikuwa kama kupika wali bila chumvi na kumwachia mteja alalamike.

Giza lilipoingia akawasha zote, za kumeta na zisizometa. Rosemary akamwendea kwa adabu.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Umependa?"

"Nimependa sana. Naomba uzime."

Mwahija alimtazama kama mpishi aliyeambiwa ubwabwa ni mzuri mno, umwagwe. Lakini mteja ni mteja. Akazima, akaketi juu ya spika akingoja mtoto yule apate akili. Alipochoka kungoja akainua macho.

Huyu ni mtu aliyefanya kazi usiku kuliko popo. Tangu ujanani alikuwa nje kila penye harusi, kila penye maulidi, na usiku wenyewe hakuwa ameuona hata mara moja, kwa sababu popote alipokwenda alikwenda na taa na kuitundika kati yake na mbingu.  Kisha akauliza:

"Hizi zimekuwapo siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Hata Kivinje?"

"Hata Kivinje."

"Na mimi nimekuwa nazifukuza," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi ile akachelewa kufungua nyaya zake.

Hakuacha biashara, watu wenye akili hawaachi biashara kwa sababu wameona kitu kizuri. Ila Alhamisi, siku isiyo na harusi, akawa anapanda pikapu yake na kwenda Getini, ambako wanafunzi wa sekondari waliletwa jioni kusoma anga. Mwanzoni alikwenda kutandika mikeka. Baada ya msimu mmoja ilikuwa vigumu kusema nani anafundisha. Rosemary alishika darubini na majina: Zohali na pete zake, Salibu ya kusini iliyo kama msalaba, Nge, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaofanana na wingu. Mwahija alishika giza. Alisimama mlangoni na kikapu, akakusanya simu za kila mtu, walimu wakiwamo, akazifunika kanga. Tochi alizizungushia karatasi jekundu la kufungia zawadi, la harusini, kwa kuwa Rosemary alimwambia mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyozoea giza, naye karatasi hilo alikuwa nalo marobota. Halafu akawakalisha.

"Macho yanaiva taratibu, kama ubwabwa," aliwaambia. "Kila ukichungulia simu umefunua sufuria. Sasa nani anataka kula mchele?"

Wakanyamaza wote. Walimu wao walikiri kwamba hawajapata kuliona darasa lile limenyamaza kwa hiari. Wazazi kadhaa, waliosikia kwamba watoto wanapelekwa kutazamiwa nyota, walikuja kuuliza kama nyota za watoto zitarudi zikiwa kamili. Mwahija aliwakalisha nao. Waliondoka wamechelewa, na wiki iliyofuata wakaja bila kuitwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi mwaka ambao mpango ulifikia mwisho wa muda wake kwenye karatasi. Ungeendelea au ungefungwa, na wa kusema alikuwa mgeni rasmi, mkubwa mmoja ambaye cheo chake kilihitaji mistari miwili kwenye bango. Angekuja, angeona, angeamua. Rosemary aliomba aje jioni. Akajibiwa na Andrea, kijana wa itifaki aliyetangulia kuandaa mapokezi, mwenye suti ya kijivu na simu mbili zinazogombana:

"Shughuli za viongozi ni mchana, dokta. Anafika saa nane, anazindua, anahutubia, anaondoka kabla jua halijazama."

"Lakini ni kituo cha kuangalia nyota."

"Ndiyo. Ataelezwa."

Hilo lingevumilika. Tatizo lilikuwa lile neno, anazindua. Mgeni rasmi haji mikono mitupu. Ofisi yake ilikuwa imeuliza kituo kile kina upungufu gani, mtu akajibu kwa ukweli kwamba usiku kuna giza sana, na mkubwa, kwa moyo mweupe kabisa, akatoa zawadi. Lori likaja na vijana na nguzo ndefu ya chuma, kichwani ina taa bapa yenye sola mgongoni. Wakaisimika katikati ya uwanja wa kituo, hatua chache kutoka kibanda cha darubini, wakanywa maji, wakaondoka na lori lao.

Ilikuwa Alhamisi. Jua likazama, taa ikawaka yenyewe. Watoto walishangilia, na huwezi kuwalaumu. Wakaanza mpira. Wadudu wa hifadhi nzima walipata habari wakaja. Rosemary alisimama kwenye kibanda chake akitazama juu mahali ilipokuwa Njia Nyeupe, pakawa kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kibichi.

"Andrea, baba," Mwahija akasema, "swichi iko wapi?"

"Haina swichi, bi mkubwa. Inajiongoza. Jua likizama inawaka, likichomoza inazima. Ina akili."

"Akili gani haisikii ukiomba?"

"Ndiyo ya kisasa."

Usiku ule Mwahija na Rosemary walikaa jikoni na kulitazama jambo lilivyo. Zawadi ya mkubwa hairudishwi. Anayeirudisha anafunga kituo kwa mkono wake. Zawadi ikibaki, kituo kimefungwa vilevile, ila kwa shukrani. Watoto wa Alhamisi watakuwa na uwanja mzuri wa mpira.

"Tumwambie ukweli," Rosemary alisema.

"Mchana? Jua linawaka, unamwambia mtu taa yake imefuta nyota? Zipi?"

Rosemary akafunga dirisha, mwanga wa taa usiingie.

Andrea, kwa upande wake, alikuwa na shida nyingine. Kitu cha kuzinduliwa lazima kifunikwe. Bila kufunikwa mgeni rasmi atafanya nini, aiguse? Akamwomba Mwahija, kama mtu wa mapambo, aifunike taa. Mwahija angeweza kutupia shuka. Lakini hakujua kufanya kazi vibaya, na hilo ndilo tatizo la mafundi wazuri: hata adui yao wanamshonea vizuri. Siku ya shughuli alipanda ngazi alfajiri, akaivika taa ile kama avikavyo bibi harusi wa Kivinje: kitambaa kizito cha kijani ndani, juu yake satini nyeupe, juu yake utepe, kuanzia kisogoni penye sola hadi katikati ya nguzo, asionekane hata ukucha. Akaacha kamba moja ya kuvuta. Akashuka, akaitazama, na kwa uchungu akaona kwamba imependeza.

Saa nane ikafika bila mgeni. Saa tisa ikafika ikiwa peke yake vilevile. Ngoma zilipiga, zikapumzika, zikapiga. Wanafunzi walikuwa wamepangwa juani na bendera ndogo. Andrea alizungumza na simu zote mbili: msafara umetoka, msafara uko njiani, msafara umesimama kuhutubia wananchi waliojitokeza barabarani, na wananchi hawa walionekana kujitokeza kila baada ya kilima.

Jua likiwa linapungua nguvu, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambrosi, alisogea karibu na nguzo. Ambrosi alikuwa mkulima wa mtama na ufuta, Mkatoliki wa Jumapili zote, mwenye macho madogo ya mtu aliyelinda shamba dhidi ya nguruwe mwitu na maafisa.

"Dada Mwahija," alisema, "mwari wako ana homa?"

"Kwa nini?"

"Naona kama anang'aa kwa ndani."

Mwahija akatazama. Kweli, chini ya satini, upande wa kivulini, palikuwa na weupe usio wa satini.

"Ni jua linapenya, mzee," Andrea akasema bila kuinua kichwa kwenye simu.

"Jua liko huku, mwanangu."

Lakini ving'ora vilisikika mbali, na Andrea akakimbia.

Mgeni rasmi aliteremka jua likiwa limeshika vichwa vya miti. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa kuchoka na tabasamu ambalo halikuchoka. Aliomba radhi kwa kuchelewa, jambo ambalo Andrea hakuwa ameliweka kwenye ratiba. Ratiba yenyewe ilikatwa kichwa na mkia: ngoma ikapita haraka, Rosemary akapewa muda wa kusema jina lake, na mwanga ukiwa wa mwisho mwisho mgeni akasogezwa kwenye nguzo. Alizungumza kupitia spika za Mwahija, zilizokuwa zikilishwa na jenereta ya Mwahija, kuhusu nuru, maendeleo, na jinsi giza lisivyo na nafasi katika taifa hili. Rosemary alitazama viatu vyake. Kisha mgeni akavuta kamba.

Satini ikaanguka vizuri sana. Watu wakapiga makofi, wakangoja. Makofi yakapungua. Taa ilikuwa imekaa juu ya nguzo yake, bapa, nyeusi, kama mtu aliyeamshwa na kugoma kusema.

"Haijaona giza la kutosha," Andrea alinong'ona. "Ngoja kidogo."

Wakangoja. Giza la kutosha likaja, likapita kiasi. Mwezi ulikuwa haujaandama. Taa haikuwaka.

Fundi aliyeletwa siku mbili baadaye alicheka mpaka akakaa chini. Taa zile haziulizi saa, zinasikiliza sola. Sola ikifunikwa, taa huamini kwamba usiku umeingia. Mwahija, mtoto wa karabai na jenereta, aliyejua kwamba taa iliyofunikwa imepumzika, alikuwa ameivika shela alfajiri, na taa, kwa akili yake yote ya kisasa, ilikuwa imewaka mchana kutwa chini ya shela, peke yake, ikimmulikia nani haijulikani, hadi ikamaliza kila ilichokuwa nacho. Lakini jioni ile hakuna aliyelijua hilo. Walichojua ni kwamba mgeni rasmi amesimama gizani na kamba mkononi.

"Bi mkubwa!" Andrea alikuwa amefika kando ya jenereta, sauti yake imepanda hadi ya mtoto. "Mataa yako! Yako kwenye pikapu, nimeyaona! Washa!"

Yalikuwapo. Aliyaleta kwa mazoea, na kwa mazoea alikuwa amekwisha kuyaunganisha humohumo kwenye pikapu. Ilibaki swichi moja. Nyuma yake palikuwa na jina lililojengwa na watu wawili, baba na binti, jina ambalo lilisema kitu kimoja tu. Mbele yake palikuwa na mtu mzima amesimama chini ya anga lile na bado anatazama nguzo.

Mkono wa Mwahija ukaenda kwenye jenereta. Akaizima.

Mshereheshaji, kipaza sauti mkononi, alikuwa katikati ya neno "hitilafu". Likabaki nusu. Ule mngurumo ambao watu walikuwa wameacha kuusikia uliondoka, na nyuma yake pakawa na kimya kikubwa, wadudu, na mahali fulani ndani ya hifadhi mnyama aliyekohoa. Mlinzi mmoja akawasha simu.

"Zima, mwanangu," sauti ya Mwahija ikasema, karibu yake sana. "Unamchoma mzee machoni. Shika hii." Na mlinzi wa mgeni rasmi akajikuta ameshika tochi yenye karatasi jekundu la zawadi. "Mheshimiwa, tuvumilie kidogo. Usiende popote. Pumua tu."

Kutokwenda popote ni vigumu kwa mtu aliyezoea kuongozwa. Mgeni alipiga hatua, akagusa bega la mtu. Gizani hakuna anayemwona mwenzake umri, na mtu aliyelelewa vizuri huchagua upande wa usalama.

"Shikamoo," mgeni rasmi akasema.

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" likajibu bega.

Lilikuwa bega la Warda, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye mafua, aliyedhani wenzake wanamfanyia mzaha. Rosemary, aliyekuwa karibu, aliitambua sauti ya mgeni. "Warda," alisema polepole, "huyo ni mgeni rasmi."

Warda alitoa mlio mdogo. Na hapo, kutoka gizani, kikatoka kicheko, kinene, cha tumboni, kisichokuwa cha mkutanoni hata kidogo. Mgeni rasmi alicheka hadi akakohoa. "Nimeipokea," alisema. "Marahaba ya mwisho nilipewa na marehemu mama." Akatoa leso, akainua uso ajifute macho, na leso ikabaki mkononi.

Waliokuwapo hawakuona uso wake, kwa hiyo hakuna wa kusimulia ulikuwaje. Walisikia tu kwamba ameacha kucheka.

Baadaye akauliza, "Ile nyekundu ni ndege?"

"Ni moyo wa Nge, Mheshimiwa," Rosemary alisema. "Mkia wake ni ule unaojikunja. Ukilifuata lile wingu jeupe linalopita—"

"Hilo wingu mbona halitembei?"

"Kwa sababu si wingu."

Akaelezwa ni nini. Akauliza tena. Akaelezwa tena. Shingo ikaanza kumuuma, akawa anaishika kisogoni, na Mwahija aliona, au alihisi.

"Mheshimiwa, ukisimama hivyo kesho hutageuka. Lala."

"Nilale wapi?"

"Mkeka upo. Ni wa harusi, safi."

Andrea alisema "Bi mkubwa" kwa sauti ya mtu anayekata roho. Lakini mgeni alikwisha kuketi, na baada ya kuketi akajinyoosha chali, suti na yote. Hapo msafara ukapata taabu, maana si adabu wadogo kusimama huku mkubwa amelala. Wakatazamana, kama wangeweza kutazamana. Kisha mmoja akalala, na wa pili, na waliokosa mkeka wakalala nyasini na mikoba yao, mpaka ujumbe wote ukawa chali mbele ya Kituo cha Anga, Andrea wa mwisho, simu zote mbili amezikumbatia kifuani zimezimwa.

"Nani alizima ile mashine?" mgeni akauliza kutoka chini.

"Mimi," Mwahija alisema.

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Na taa yangu? Nayo makusudi?"

"Taa yako sijui imepatwa na nini, wallahi. Nimeivika vizuri." Akasogea karibu na mkeka. "Lakini nitakwambia ukweli, Mheshimiwa, kwa kuwa hunioni. Ingewaka, usingeona hata moja ya hizi. Juzi iliwaka, watoto hawa wakapoteza somo lote. Mimi kazi yangu ni taa, tangu kwa baba, na taa nzuri naijua. Ile ni nzuri. Hapa si pake."

 Mgeni rasmi alikuwa ametukaniwa zawadi yake, mbele ya ujumbe wake, akiwa amelala. Kimya kikaendelea kiasi kwamba Rosemary alianza kufikiri namna ya kupakia darubini.

Aliyekikata alikuwa Mzee Ambrosi, ambaye maisha yake yote alikuwa akingoja nafasi kama ile. "Mheshimiwa," alisema kwa upole wa mtu anayepita tu, "kama imekosa kazi hapa, zahanati yetu iko nyuma ya kilima kile. Wake zetu wanajifungua kwa tochi ya simu. Mkunga anaishika kwa meno."

"Kwa meno?"

"Kwa meno, baba. Na akitaka kusema 'sukuma' inabidi aitoe kwanza."

Mgeni akacheka tena, kidogo. Akauliza kilima kiko upande gani, akaonyeshwa kwa tochi nyekundu. Akauliza kama taa ikiwa kule itafika huku. Mwahija akasema haitafika, na yeye mwenyewe ataitengenezea kofia ya bati imulike chini peke yake.

"Andrea."

"Naam, Mheshimiwa."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Na kituo hiki waendelee. Andika."

"Siwezi kuona karatasi, Mheshimiwa."

"Basi kumbuka."

Aliondoka amechelewa kuliko alivyochelewa kufika. Andrea alikumbuka, kwa sababu kulikuwa na mashahidi wengi. Barua ya kuongeza mpango ilifika kabla ya masika, na nguzo ilihamishwa na vijana walewale wa lori. Mwahija alikata bati, akapanda ngazi, akaivika taa kofia huku sola akiiacha wazi, na mkunga kwa mara ya kwanza akazalisha akiongea.

Kivinje habari ilimtangulia, na haikuja hivyo. Ilikuja kwamba Mwahija Mataa, binti wa Mzee Ahmadi, ameingiza shughuli giza mbele ya mkubwa wa nchi. Shoga yake Kazija, muuza maandazi, ndiye aliyemletea nyumbani.

"Eti yalizima, Mwahija?"

"Hayakuzima. Niliyazima."

"Sasa hapo tofauti ni nini?"

Mwahija alifikiri namna ya kuieleza tofauti ile kwa mtu aliyekaa chini ya taa ya barazani, akaona haitawezekana. Harusi mbili za msimu ule zilihamia kwa mwenye taa mwingine, na ya tatu ikaleta mtu kuuliza kwa adabu kama jenereta imetengenezwa. Hakujitetea. Kwa wale waliobaki naye aliendelea kufunga taa zake juu ya ngazi, na hakuna shughuli yake hata moja iliyoingia giza tena. Siku za Alhamisi waliomhitaji waliambiwa hayupo. Alikuwa Getini, mlangoni na kikapu chake, na msimu huo walikuja wanafunzi kutoka mbali, hata Rutamba, mabasi mawili, ambao hawakujua lolote kuhusu nguzo wala mgeni wala aibu. Walishuka wakipiga kelele, tochi za simu zinaruka huku na huku, wakamwona bibi mmoja wa pwani amewazibia njia.

"Kwanza simu," aliwaambia. "Halafu salamu."